Nani ni Raia? Daftari Ndilo Hujibu

Mtu akikuuliza, "Wewe u raia wa wapi?" utajibu upesi, "Wa hapa hapa, ndipo nilipozaliwa." Je, kuzaliwa mahali kwatosha? Tazama yaliyotokea Korogwe mwaka 1961.

Siku za ukoloni mashamba ya mkonge yalijaa manamba. Wengine walitoka Songea na Kigoma, wengine walivuka mipaka kutoka Msumbiji na Ruanda-Urundi. Wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakasema Kiswahili kama sisi. Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sheria ilisema hivi: aliyezaliwa Tanganyika, akiwa chini ya himaya ya Mwingereza, anakuwa raia siku ile pasipo kuomba, mradi baba au mama yake awe amezaliwa Tanganyika pia. Basi mtoto wa namba wa Songea alilala akaamka raia. Jirani yake wa kambi ile ile, ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa Msumbiji, ilimpasa kwanza aombe kuandikishwa.

Walikuwapo waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Oktoba 1961 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwapinga Bungeni, akasema serikali yake i tayari kujiuzulu kuliko kupokea ubaguzi wa rangi. Hivyo Mhindi wa dukani na namba wa mkonge walipimwa kwa sheria moja.

Na damu je? Twende Handeni. Katika karne ya 19 Wazigua wengi waliuzwa utumwani, wakafikishwa Somalia. Wajukuu wao walikaa kando ya Mto Juba wakihifadhi Kizigua chao. Vita vya mwaka 1991 vikawafukuza, na baadhi yao wakarudi nchi ya mababu. Wenyeji wa Handeni walisikia maneno yao wakayaelewa. Hata hivyo waliitwa wakimbizi, wakakaa Mkuyu, kisha Chogo. Ilipofika mwaka 2014, zaidi ya 1,500 walikuwa wamepewa uraia, baada ya kuomba na kungoja miaka mingi.

Umeona, msomaji? Lugha ni ndugu na damu ni shahidi, lakini sheria huuliza: ulizaliwa wapi, lini, na wazazi wako ni nani? Asiye raia hapigi kura wala hapati pasi ya kusafiria ya nchi.

Mimi kazi yangu ni kuandika madaftari ya parokia. Wengi hunijia wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, wakitafuta jina la mama yao. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa, lakini husaidia kukipata RITA kwa aliyechelewa kuandikishwa. Basi baba, mama, usingoje. Mwandikishe mtoto angali mchanga, na mwulize babu alizaliwa kijiji gani, uyaandike maneno yake angali hai. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto ni zaidi ya mali.