Jina Lako Katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ndilo linaloonesha nani ana haki ya kupiga kura na katika kituo kipi. Likibaki na majina ya marehemu au ya waliojiandikisha mara mbili, huweza kutumiwa kwa udanganyifu. Likimwondoa mwenye sifa, humnyima haki yake. Kwa sababu hiyo, sheria inaitaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kuliboresha mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na unaofuata.

Aliyehama makazi

Mkulima aliyejiandikisha Laela, katika Jimbo la Kwela, kisha akahamia Sumbawanga Mjini, ataendelea kusomeka Laela hadi atakapohamisha taarifa zake. Hapaswi kujiandikisha upya. Aende na kadi yake katika kituo cha uandikishaji cha makazi mapya, wakati wa uboreshaji. Anaweza kuanza kwa mtandao, lakini lazima afike kituoni kukamilisha.

Aliyejiandikisha mara mbili

Tangu mwaka 2015 uandikishaji hutumia mashine za BVR, ambazo huchukua picha, saini na alama za vidole. Alama hizo hulinganishwa, na anayejirudia hubainika. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai. Adhabu yake ni faini ya shilingi 100,000 hadi 300,000, au kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2, au vyote viwili. Aliyepoteza kadi asijiandikishe kama mtu mpya; aombe kadi nyingine, ambayo hutolewa bila malipo.

Aliyefariki

Jina halifutiki lenyewe mwenye jina anapozikwa. Ndugu wa marehemu, awe Namanyere, Matai au Muze, anaombwa kutoa taarifa kituoni, akiwa na kadi ya marehemu iwapo ipo.

Kukagua na kupinga

Daftari la Awali hubandikwa hadharani vituoni. Kagua jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa na kituo chako, na uombe marekebisho ukiona kosa. Mwananchi anaweza pia kumwekea pingamizi mtu asiye na sifa, kwa mfano asiye raia. Katika wilaya zinazopakana na Zambia, lugha au jamaa walio ng'ambo ya mpaka si uthibitisho kwamba mtu si raia. Anayepingwa hupewa nafasi ya kujieleza, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya.

Tahadhari

Orodha ya wapiga kura ya uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa Novemba 27, 2024, huandaliwa kando na Daftari hili. Kuwamo katika orodha hiyo hakumfanyi mtu awe mpiga kura wa uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani. Usisubiri siku ya kura kugundua kwamba jina lako halipo. Hakikisha taarifa zako mapema, wakati marekebisho bado yanawezekana.