Utasa na Maambukizo ya Mji wa Mimba wa Ngamia

Neno tasa hutumika kwa mwanamke au mnyama asiyezaa. Neno hili hutaja hali tu. Halionyeshi chanzo cha hali hiyo, wala halisemi kama ni ya kudumu au yaweza kuondolewa. Katika maandishi ya uganga wa mifugo upungufu huu una madhara, na ngamia ni mfano ulio wazi.

Ngamia jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 13 hivi, na aghalabu huzaa mara moja katika miaka 2. Kwa wafugaji wa kaskazini ya Kenya, kama vile Wagabra, Warendille na Wasomali, jike asiyezaa hana maziwa. Bwana mifugo akiandika kwamba jike huyo ni tasa, mwenye mali ataona heri amwuze kwa mchinjaji.

Hata hivyo, sababu kubwa mojawapo ya kutoshika mimba ni bakteria walioingia katika mji wa mimba. Huingia wakati wa kuzaa, hasa jike anaposaidiwa kwa mikono isiyo safi, au wakati wa kupandwa. Yai la ngamia hutoka baada ya kupandwa tu. Basi jike asiyeshika mimba hupandwa tena na tena, na kila mara hatari ya kuambukizwa huzidi. Utando wa ndani ukifura, mimba changa haiwezi kukaa. Jike wa namna hii ni mgonjwa, si tasa: mji wa mimba ukisafishwa, akapewa dawa ya kuua bakteria hao na akapumzishwa asipandwe, aweza kuzaa tena. Ugonjwa ukiachwa hata utando ukapata makovu mengi, hapo ndipo utasa wa kudumu unapotokea.

Kwa hiyo yafaa dhana tatu zitenganishwe. Kutoshika mimba ni dalili; maambukizo ya mji wa mimba ni ugonjwa; utasa ni hali isiyo na tiba. Tena, mji wa mimba ni istilahi bora kuliko kizazi, ambalo pia lina maana ya watu wa rika moja. Vivyo hivyo bakteria ni bora kuliko vijidudu, kwani vijidudu hujumlisha na virusi, ambavyo haviuawi na dawa za bakteria.

Mwandishi akizingatia tofauti hizi, mfugaji atajua wakati wa kumtibu mnyama wake na wakati wa kumwuza.