Kizibo ya Gunzi

Manze, skia hii.

Binamu yangu ni mtoto wa Matisi, hapa Kitale, lakini saa hii anahasol kwa meli ya kitalii huko Karibiani. Wira yake ni kubebea watu sahani kwa mkahawa wa meli, kutoka asubuhi mpaka miguu ikatae. Juzi akanitumia sauti kwa WhatsApp, anacheka hadi anakohoa. Kuna mzae wa miaka kama sabini amedakwa akipanda meli na chupa ya dawa ya kusukutua mdomo. Ndani hakuna dawa. Ni vodka, ametia rangi ya keki ya kijani ndio ikae kitu imetoka kwa daktari wa meno.

"Na doo anazo," binamu akasema. "Amelipa safari ya siku saba, halafu anahepa bei ya baa."

Nilicheka pia, lakini hiyo cheko ilikuwa ya mtu amejiona kwa kioo. Juu hiyo mchezo naijua. Tofauti ni maji tu: yeye ako na bahari, mimi niko na Nzoia.

Chupa moja, siku ya kwanza

Wenye meli si mafala. Kampuni kubwa kama Carnival na Royal Caribbean zinakubali mtu mzima apande na chupa moja ya waini ama shampeni, mililita 750, haijafunguliwa, iko kwa begi ya mkono, siku ya kwanza ya safari. Na mtu mzima, kwa meli zinazotoka Marekani, ni wa miaka 21, si 18 kama hapa kwetu. Whisky, vodka na ramu za kuja nazo hazipiti. Chupa yako ukiimalizia kwa chumba chako, hakuna mtu atakusumbua. Ukitaka ikuje kwa meza ya mkahawa, weita aifungue, alete glasi na baadaye azioshe, hapo unalipia. Hiyo ndio inaitwanga kokeji.

Ukiangalia vizuri, hii sheria ni mapatano. Tiketi ya meli inauzwa bei ya kuvuta watu, halafu ganji inatafutwa ndani: kwa baa, kwa kasino, kwa maduka. Kila chupa inaingia kimyakimya ni mauzo ya baa yamehepa. Lakini ukikataza kila kitu, wale mabeste wa ndoa ya miaka thelathini, wenye wametunza waini yao ya harusi, watanuna safari mzima. Kwa hivyo wakasema: moja sawa, ya pili hapana, na ukitaka tukufungulie, toa kitu.

Mguu inauma?

Sasa turudi mtaa. Kitale vipimo tunavijua kwa majina. Mzinga ni 750, nusu ni 350, kwota ni 250. Chini ya hapo duka haikuuzii, juu sheria ya pombe ya 2010, ile watu wanaita sheria ya Mututho, ilikataza kipimo kidogo kuliko mililita 250 na ikazika zile sacheti za kurarua na meno. Uzuri wa kwota ni vile inatoshea kwa buti. Najua, juu nimejaribu.

Ilikuwa Furahidei, klabu moja ya hapa tao, jina naiwacha. Nimedunga buti safi, kwota iko mguu wa kulia, natembea kama mtu amegongwa na nduthi. Baunsa hakunisachi hata. Aliniangalia nikikuja kutoka mbali, akangoja nifike, akaniuliza pole pole mbele ya mresh nilikuwa nimemtoa: "Brathe, mguu inauma?"

Nikasema eeh.

"Basi toa kiatu upumzike."

Foleni yote ikapasuka. Mresh akaangalia kando, kama mtu anasubiri matatu ya kwao. Kwota ikabaki kwa kaunta, nikaingia, nikabuy bia mbili bei ya klabu na roho chungu. Hiyo usiku niliapa wenye klabu ni wezi, wameshikana na baunsa wao.

Asubuhi, kichwa ikitulia, nikapiga hesabu. Mlangoni sikulipa kitu. Kiti nilikalia masaa manne. DJ alilipwa, stima ililipwa, leseni ya kaunti ililipwa, na huyo baunsa mwenye macho kali naye ana watoto wanadishi. Hiyo ganji yote inatoka kwa chupa inauzwa kaunta. Mtu akikuja na yake kwa buti, anakalia kiti yenye wengine wamelipia. Ni kama kuingia Probox pale Kamukuywa, ukae sambaza kwa mapaja ya watu, halafu ukifika ushuke ukisema hukukalia kiti, kwa hivyo hulipi.

Kokeji basi ni rent ya kiti. Ukiiona hivyo, roho inatulia.

Jirongo mbili kwa mzinga

Somo hiyo ndio ilinisaidia brathe yangu alipooa. Bibi harusi ni wa Bungoma, na sherehe ikawekwa kwa bustani ya hoteli moja upande wa Kanduyi. Sisi tunaishi Kitale, lakini ocha yetu ni Chwele, kwa hivyo hakuna upande ungejiita mgeni. Komiti ikaundwa kwa WhatsApp, mimi nikapewa idara ya vinywaji, pengine juu ya ile historia ya buti.

Meneja wa hoteli akafungua na bei yake: jirongo mbili kwa kila mzinga, jirongo moja kwa kila chupa ya waini. Kama umezaliwa juzi, jirongo ni noti ya soo tano. Ilibatizwa wakati wa uchaguzi wa 1992, noti hizo zikiwa zimetapakaa kila kona na Cyrus Jirongo wa Lugari akiongoza vijana wa YK'92. Mtu wa huku kwetu akawa pesa, na jina ikashika.

Sasa wewe mwenye unapanga sherehe, hapa ndio ukae rada. Usiseme sawa kwa bei ya kwanza. Uliza kama unaweza kulipa mara moja kwa siku mzima badala ya chupa kwa chupa, juu kuhesabu chupa saa mbili usiku ni kutafuta vita. Uliza kama soda na maji pia zinahesabiwa, juu kuna mahali utakuja na katoni ya maji ya watoto na utolewe pesa kama umebeba konyagi. Uliza hiyo doo inakununulia nini: glasi, barafu, mtu wa kufungua, friji? Kama hata glasi unabeba yako, hiyo si kokeji, hiyo ni kupigwa. Na ukikubaliana, iandikwe, hata kama ni kwa meseji ya simu. Maneno ya meneja wa Jumatatu hayatambulikangi na suparavaiza wa Jumamosi.

Sisi tulilipa mara moja, barafu na glasi ndani, soda bure. Tukashikana mikono.

Siku ya safari tukapakia katoni mbili za waini nyekundu tamu ya Sauzi, ile 4th Street yenye kila dem wa Kitale anaijua. Kutoka hapa unapitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, unaingia Webuye, halafu unakata kulia Bungoma. Chupa tulizifunga moja moja na masweta, juu kukiwa na tuta dere hupunguzanga mwendo akiwa ashapita. Karao mmoja akatusimamisha, akachungulia buti ya gari, akauliza kama tunaenda kuuza. Nikatoa risiti ya duka na kadi ya harusi. Akasoma kadi yote, hadi majina ya kwaya, akasema Mungu awabariki. Dere wetu naye alikuwa amekunywa chai tu. Alkobloo haiulizangi kama ni harusi.

Kwa meza kila kitu ilienda fiti. Waini kwa glasi, glasi kwa picha, picha kwa Insta. Nilijiskia kama mimi ndio nimeshika usukani wa meli.

Halafu senge akaingia.

Jerikani

Senge ni dada ya fathee, ametoka Chwele na jerikani ya lita ishirini, ya manjano, amebebewa na kijana wa nduthi. Ndani ni busaa, na mdomo wa jerikani umezibwa na gunzi ya mahindi.

Kama hujui kazi ya busaa, usiite pombe rahisi. Unga ya mahindi inakandwa na maji, inawachwa siku kadhaa ichache. Halafu inakaangwa kwa bati kubwa juu ya moto, mtu anageuza na koleo huku moshi inamla macho, mpaka ikuwe kahawia. Hapo inaingia maji na kimea ya wimbi, ile imeoteshwa, ikaanikwa, ikasagwa. Inachemka yenyewe siku kama mbili, na ndio inachujwa. Senge alikuwa ameanza kazi wiki mzima kabla sijatoa hata shilingi kwa duka.

Meneja akakuja mbio, adabu iko, lakini jasho pia iko.

"Mama, shikamoo. Hii nayo hatukuongea. Itabidi kuwe na kokeji."

"Kokeji ndio nini, mtoto wangu?"

"Ni pesa ya kufungua kizibo."

Senge akaangalia meneja, akaangalia jerikani. Akainama, akatoa lile gunzi, akamwekea meneja mkononi.

"Kizibo ndio hii. Nimeifungua mwenyewe. Sasa unanilipisha kazi gani?"

Watu wa meza ya kwanza walicheka mpaka MC akanyamaza. Meneja naye alicheka, gunzi bado iko mkononi. Halafu akasema kitu ya ukweli: leseni yake haijui hii kinywaji, na wakaguzi wakipita, si senge atafungiwa, ni yeye. Senge hakununa. Akarudisha gunzi mahali pake, akaita kijana wa nduthi. "Peleka nyumbani. Wenye kujua watakuja."

Saa kumi na mbili jioni, keki ikiwa imeliwa, bustani ikaanza kupungua. Kwanza wazee, halafu wamama, halafu hata wale mabeste wa Insta. Kila gari inaelekea Chwele. Kwa meza nikaachiwa chupa sita za waini hazijaguswa na risiti ya kokeji nimeshalipa.

Mrija ni wako

Nilipofika Chwele kwa kuka, yaani babu yangu, nyungu iko katikati, wazee wamekaa duara, na kila mmoja ametoa lusekhe yake, mrija mrefu wa kufyonza, wenye kichujio huko chini ndio machicha yasipande. Hakuna mzee alikuja na pombe. Lakini pia hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kuka mwenyewe akafyonza wa kwanza, juu mwenye boma ndiye huonja mbele ya wageni, waone hakuna ubaya ndani. Halafu mirija yote ikashuka kwa nyungu moja.

Hapo ndio nilielewa ile sauti ya binamu. Kwa meli unabeba kinywaji yako, na wao wanakulipisha vyombo. Kwetu Babukusu unabeba chombo yako, na kinywaji ni ya mwenye boma. Ni kama kitu imepinduliwa juu chini. Lakini pande zote mbili kuna kitu moja haikubaliwi: kuficha. Mzee hawezi ingia duara na chupa yake ndani ya koti, ajinyweshe pembeni huku amekalia kiti ya mwenzake. Angekuwa anasema haamini nyungu ya mwenye nyumba. Na yule mzae wa rangi ya kijani alikuwa anasema hivyo hivyo, ni vile tu alikuwa amelipa tiketi ya kusema.

Mimi sikuwa na mrija. Nilisimama hapo na simu mkononi kama mgeni kwetu. Kuka akaniona, akasonga kidogo, akapangusa lusekhe yake, akanipa.

"Leo kunywa na yangu," akasema. "Mwaka ujao uje na yako."

Hiyo ndio kokeji ya kwetu, na sijawahi ona bei poa kuliko hiyo.

So wewe msomaji, uwe unaenda Karibiani, Kanduyi ama kwa beste mwenye amehamia keja mpya pale Section Six, kabla hujapaki uliza maswali mawili: kinywaji ni ya nani, na vyombo ni ya nani? Kama ni yako, itangaze mlangoni, lipa yenye inalipwa, ukae kwa raha. Kama ni ya mwenye nyumba, wacha yako nyumbani, beba mrija. Buti nayo ni ya kuvaa.

Zile chupa sita bado ziko kwangu Kitale. Mwenye ana sherehe anitafute, bora aniambie kokeji mapema.