Springi mbili hazifanyi baiskeli iwe ya mteremko

Ukiwa kwenye barabara ya kutoka Mazeras kuja Miritini jioni, utawaona. Vijana watatu wanne juu ya baiskeli, makalio nyuma ya kiti, wanafukuzana na upepo pembeni mwa malori ya makontena. Kila mmoja anaitamani ile moja: tairi nono, rangi ya kuwaka, springi mbele na springi nyingine katikati ya fremu. Mtaani tunaiita mauntini, na muuzaji akiona umeikazia macho, bei inapanda hapo hapo. Sababu ni zile springi.

Sasa tuongee ukweli, si kumharibia mtu raha. Kwenye mteremko, springi si kitu cha kwanza kinachokurudisha nyumbani na meno yako yote. Cha kwanza ni engo ya fremu. Springi inafuata, na ikiwa mbovu, inaiharibu hiyo engo.

Anza na shingo

Simama ubavuni mwa baiskeli yako. Angalia lile bomba fupi la mbele ambalo usukani unapita ndani yake. Hiyo ndiyo shingo ya fremu. Sasa angalia imelala kiasi gani. Baiskeli ya mbio za lami ina shingo iliyosimama, kama digrii 73 hivi ukipima kutoka ardhini. Baiskeli za kisasa za daunihili, yaani zile za mashindano ya kushuka milima, zina shingo ya digrii 62 au 63.

Digrii 10 tu, kwani zina shida gani? Shida iko hapa. Ukiingia mteremko wa digrii 15, baiskeli nzima inainamia mbele. Shingo ya digrii 70 sasa iko digrii 85 kutoka usawa wa bahari, karibu wima kabisa. Gurudumu la mbele limekaa chini ya kifua chako, na jiwe moja linatosha kukurusha juu ya usukani. Shingo ya digrii 63 kwenye mteremko huo huo inafika digrii 78. Gurudumu bado liko mbele yako, kama mtu anayeshuka ngazi akitanguliza mguu.

Kulala kwa shingo pia kunafanya usukani utulie ukiwa kasi. Bei yake ni kwamba kwenye kona za pole pole baiskeli inakuwa nzito, haipindi upesi. Ndiyo maana mpeleka bidhaa wa mjini hahitaji shingo ya daunihili, hata akipewa bure.

Jambo la pili ni urefu. Daunihili ya leo ina umbali wa kama mita 1.25 hadi 1.3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kadiri magurudumu yanavyoachana, ndivyo inavyokuwa kazi baiskeli kupinduka mbele. Greg Minnaar wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia mara nne, ana urefu wa karibu mita 1.9, na kwa miaka mingi fremu zilikuwa fupi kwake. Alisukuma watengenezaji mpaka zikarefushwa. Taji lake la 2013 alilichukua nyumbani kwao, Pietermaritzburg.

Mteremko ulikuja kabla ya springi

Wadau wengi hudhani mauntini ilianza na springi. Hapana. Oktoba 1976, vijana wa Fairfax, California, walianza kushindana kushuka njia moja ya vumbi kwa baiskeli nzito za Schwinn, zile za miaka ya 1930 na 1940. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, unapiga pedeli kinyumenyume. Walipofika chini, grisi ilikuwa imeungua yote, ikabidi habu ijazwe upya. Mbio zenyewe zikapewa jina hilo: Repack.

Kwa nini zile Schwinn kuukuu? Kwa sababu shingo zake zilikuwa zimelala na fremu zake ndefu. Foku ya RockShox iliyofungua soko la saspensheni ilitoka 1989. Hesabu mwenyewe: miaka 13 watu wanashuka milima kwa tairi nono na engo nzuri tu.

Na hata hapa kwetu mfano upo. Black Mamba, baiskeli ya babu, ina shingo ya kama digrii 67 au 68. Imelala kushinda mauntini nyingi za bei rahisi! Ndiyo maana inatulia na gunia nyuma kwenye barabara ya mashimo. Inapoanguka ni kwenye breki: zile fimbo zake, mvua ikinyesha, ni kama kuomba dua.

Nenda hadi Goma, mashariki mwa Kongo, utakuta chukudu. Ni chombo cha mbao, hakina pedeli, hakina cheni. Vijana wanakipakia viazi na makaa huko juu vijijini na kushuka nacho hadi mjini. Ni kirefu, ubao wake uko chini, mzigo umekaa karibu na ardhi. Hakuna aliyetumia kompyuta kukichora, mteremko wenyewe ndio uliokifundisha kuwa hivyo. Sanamu ya dhahabu ya mwanamume akisukuma chukudu imesimama kwenye raundabauti mjini Goma.

Springi bila mafuta ni mpira

Tukirudi kwenye springi. Umewahi kupanda matatu ambayo shoki zake zimekufa? Ikiruka tuta moja, inadunda mara tano. Springi zipo, hazijavunjika. Kilichoisha ni mafuta ndani ya shoki, yale yanayopenya kwenye vitundu vidogo na kuituliza springi isirudi kwa fujo.

Foku ya daunihili ina vitu vyote viwili, springi ya chuma au ya hewa, na mafuta ya kuituliza. Gurudumu linaweza kupanda sentimita 20. Foku nyingi za mauntini za bei rahisi zina springi peke yake. Ukikanyaga jiwe inazama, halafu inakurudishia ile nguvu yote mikononi.

Ubaya zaidi uko kwenye breki. Ukishika breki ya mbele, foku inazama. Ikizama sentimita 10, shingo inasimama kama digrii 5 zaidi. Sasa jumlisha: shingo iliyokuwa imesimama tangu dukani, mteremko, halafu foku imezama. Zote tatu zinakusukuma upande mmoja, mbele. Springi uliyolipia ndiyo inayokupeleka chini kwa pua.

Huku nyuma nako kuna hesabu. Kwenye daunihili, shoki ikibonyea sentimita 7.5, gurudumu linapanda karibu sentimita 20. Kazi hiyo inafanywa na vyuma vya kuunganisha vyenye pini na beringi, vilivyopangwa ili mwanzo iwe laini na mwisho iwe ngumu, isigonge chuma kwa chuma. Fremu nyingine huweka pini ya kugeukia juu kabisa, ili gurudumu likigonga jiwe lirudi nyuma kidogo huku likipanda, badala ya kuligonga na kukwama.

Mauntini ya rahisi ina pini moja na bushi ya plastiki. Ikilegea, gurudumu la nyuma linacheza kushoto kulia kama mlango uliotoka bawaba. Ukisimama kukanyaga pedeli, sehemu ya nguvu yako inabonyeza springi. Na sisi wa pwani tuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Ongeza tope la Miritini wakati wa masika na vumbi la yadi za makontena, pini hiyo inaota kutu upesi sana.

Ukienda kununua, fanya hivi

Daunihili ya kweli hugharimu maelfu ya dola. Kwa hivyo wengi wetu tutanunua mtumba. Haya hapa hayahitaji pesa:

Moja, shika breki ya mbele, bonyeza usukani kwa uzito wako, halafu achilia. Foku ikiruka juu kama mpira, haina mafuta. Ikirudi pole pole, hiyo ni foku.

Mbili, inua baiskeli, shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto kulia. Ukisikia kok-kok kwenye pini, mrudishie mwenyewe.

Tatu, pitisha kidole chini ya shingo, pale bomba zinapokutana. Rangi iliyokunjamana au ufa mwembamba maana yake fremu hiyo imeshagonga kitu. Usiichukue hata kwa mia tano.

Nne, ukiwa na chapaa ya kitu kimoja tu, weka kwenye breki na tairi. Tairi nono isiyojazwa upepo mpaka ikawa jiwe ni saspensheni tosha, na haina pini ya kuota kutu.

Ukipata mbili za bei moja, ile isiyo na springi, yenye shingo iliyolala na breki zinazoshika, ni bora kuliko yenye springi mbili za urembo. Watoto watakucheka siku ya kwanza. Waache.

Na ile barabara ya Mazeras, hata ukiwa na baiskeli ya Minnaar mwenyewe, lori la makontena likikujia halijali shingo yako imelala digrii ngapi. Mteremko wa kujipima uutafute kwenye njia za vumbi, mbali na malori, kofia ngumu kichwani.