Nyama choma laini bila kuungua

KWA wakazi wengi wa mijini, nyama choma ni ile iliyokaa juu ya makaa karibu saa nzima, nje ikawa nyeusi na ndani ikawa ngumu kiasi cha kuchosha taya. Weusi huo ndio unaowatia wataalamu wa afya wasiwasi. Nyama ikipata joto la zaidi ya nyuzi 150 hivi, hutokea kemikali ambazo zimesababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Nyingine huletwa na moshi wa mafuta yanayodondokea makaa. Kadiri nyama inavyokaa motoni, ndivyo kemikali hizo zinavyoongezeka.

Muda huo unaweza kupunguzwa. Nyama hutiwa katika mfuko usio na hewa, ikapikwa polepole katika maji ya moto yasiyochemka, kisha ikapitishwa juu ya makaa kwa dakika chache tu. Mtindo huu huitwa suvidi, neno la Kifaransa lenye maana ya 'bila hewa'. Mpishi Georges Pralus aliutumia mwaka wa 1974 katika mkahawa wa ndugu wa Troisgros, mjini Roanne, Ufaransa, ili maini ya bata bukini yasipoteze mafuta mengi yakipikwa.

Je, maji ya nyuzi 60 yanaweza kuua viini? Ndiyo, mradi yapewe muda. Joto kali huua viini mara moja. Joto la wastani huua viini vile vile, ila polepole. Kipande cha sarara chenye unene wa sentimita 2.5 kikikaa saa mbili katika maji ya nyuzi 60 huwa kimepata joto hilo hadi katikati, na bakteria hatari kama salmonela huwa wamekufa. Hata lava wa tegu, ambao hujificha ndani ya mnofu wa ng'ombe, hawastahimili. Hata hivyo, nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi.

Jambo la kukwepa ni maji ya vuguvugu. Chini ya nyuzi 54 hivi, baadhi ya bakteria huendelea kuzaana, na mfuko usio na hewa ni makao mazuri kwa wale wasiohitaji hewa. Kwa hivyo kidole hakitoshi kupima. Nunua kipimajoto cha jikoni. Mtambo wa umeme wa kazi hii ni rahisi kutumia, lakini sufuria kubwa juu ya moto mdogo inafaa ukiwa na subira ya kuongeza maji ya moto kila yanapopoa. Ukitumia mtambo na stima ipotee kwa muda mrefu, hamishia nyama kwenye gesi uimalize hapo.

Mfuko uwe mzito, uliotengenezwa kwa ajili ya chakula, wala si karatasi yoyote ya plastiki iliyopatikana nyumbani. Tia nyama na chumvi, zamisha mfuko taratibu ili maji yasukume hewa nje, kisha ufunge.

Ukiitoa, nyama itakuwa na rangi ya kijivu isiyopendeza. Ipanguse ikauke kabisa, maana nyama yenye maji huchelewa kubadilika rangi. Ngoja makaa yafunikwe na jivu jeupe, kisha choma dakika moja hivi kila upande, ukiigeuza mara kwa mara. Jiko lisitumiwe ndani ya nyumba iliyofungwa; gesi ya mkaa huua.

Ndani itabaki na wekundu kidogo. Majimaji yake si damu, bali ni maji ya mnofu yenye rangi yake ya asili. Asiyeyataka atumie nyuzi 70, na mama mja mzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu apewe hiyo iliyoiva kabisa. Nyama ya kusaga au iliyotobolewa kwa visu ili ilainike pia ihesabiwe hivyo, kwa kuwa viini vya juu husukumwa ndani.

Mtindo huu hauondoi lawama zote. Mwaka wa 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha nyama nyekundu miongoni mwa vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, iwe imechomwa au la.

Isiyoliwa siku hiyo ipozwe upesi, ikiwa bado mfukoni, ndani ya maji yenye barafu, kisha itiwe kwenye friji na iliwe kesho yake. Ile iliyosahaulika mezani usiku kucha itupwe.