Amri za Seva: Tazama Kwanza, Tenda Baadaye

Seva ni kompyuta inayohifadhi tovuti na kuipeleka kwa wote wanaoifungua. Ukiwa Majimoto, mkoani Katavi, unaweza kusimamia seva iliyoko Dar es Salaam kwa kuandika amri tu. Amri ni maandishi machache, hivyo hupita hata mtandao unapokuwa dhaifu.

Kuingia kwenye seva ya mbali hutumika amri ssh. Iliundwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Ufini, baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Huficha mawasiliano ili mdukuzi aliyejificha njiani asiambulie kitu.

Mfano: Tovuti ya shule imegoma kufunguka siku ya matokeo. Seva inatumia Linux. Fuata hatua hizi:

1. pwd – huonyesha folda uliyomo. Jua ulipo kabla ya kugusa chochote.
2. df -h – huonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Diski ikijaa, tovuti inaweza kusimama.
3. tail -n 20 na jina la faili la kumbukumbu – huonyesha mistari 20 ya mwisho, ambamo makosa ya karibuni huandikwa.
4. grep – hutafuta neno ndani ya faili, kwa mfano *error*.
5. cp – hunakili faili. Nakili faili la mipangilio kabla ya kulibadilisha, ili ukikosea urudishe la awali.

Zingatia: Amri rm hufuta faili moja kwa moja, hakuna pipa la taka la kuliokotea. Linganisha:

rm *.log
rm * .log

Ya kwanza hufuta mafaili yanayoishia na .log pekee. Ya pili ina nafasi baada ya nyota, nayo hufuta mafaili yote ya folda hiyo. Kwa hiyo andika kwanza ls *.log, soma orodha, kisha ndipo utumie rm.

Mtandao ukikatika, kazi ndefu inaweza kuishia katikati. Ianzishe ndani ya programu ya tmux. Ukiunganishwa tena utaikuta ikiendelea.

Jipime

1. Kwa nini ls itangulie rm?
2. Tovuti haifunguki. Taja amri mbili za kuanzia, na sababu ya kila moja.