Nyama Isiyo na Ngozi Wala Kwato

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, mzee mmoja wa Milepa, kule katika bonde la Ziwa Rukwa, aliniuliza swali ambalo naamini si lake peke yake. Kijijini kwao, alisema, ng'ombe huchinjwa asubuhi na mapema mbele ya macho ya watu. Ngozi huonekana, kichwa na kwato huonekana, na mchinjaji hujulikana hata jina la babu yake. Lakini mwanawe amepanda milima ya Lyambalyamfipa kwenda kusoma Sumbawanga mjini, na huko hula sambusa na soseji. "Sheikh, nyama iliyokwisha kusagwa, kijana wangu ataijuaje?"

Swali hili ni zito. Katika Suratul-Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu ametuharamishia mzoga, damu na nyama ya nguruwe. Nayo nyama ikishasagwa na kutiwa vitunguu na bizari, jicho na ulimi havitoi tena ushahidi wa kutegemewa.

Wala hofu ya mzee huyu si ya kubuni. Januari 2013, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa baga 27 zilizouzwa kuwa ni za ng'ombe. Baga 10 zilikutwa na vinasaba vya farasi, na 23 vya nguruwe. Mwaka huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walichapisha uchunguzi wa sampuli 139 za bidhaa za nyama. Asilimia 68 zilikuwa na kitu ambacho lebo haikukitaja, na miongoni mwa vilivyokutwa ni nguruwe na punda.

Kipimo cha papo hapo

Alhamdulillahi, elimu imeleta msaada. Mzazi aliyempeleka mtoto zahanati anakijua kipimo cha haraka cha malaria: tone la damu, dakika chache, kisha mstari mmoja au miwili. Vipo vipimo vya namna hiyo kwa ajili ya nyama. Kipande kidogo husagwa na kuchanganywa na maji maalumu, kisha kijiti cha kipimo huchovywa humo. Ndani yake mna kingamwili zinazonasa protini ya mnyama mmoja, kwa mfano nguruwe. Mstari wa kwanza huonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi. Wa pili ukitokea, mnyama huyo yumo. Kazi hiyo hufanyika palepale buchani au jikoni, wala haihitaji maabara.

Hata hivyo, tuijue mipaka yake. Kijiti cha nguruwe hakitasema lolote juu ya punda. Nyama iliyopikwa huhitaji kipimo kilichotengenezwa kwa ajili yake, kwa kuwa moto hubadili protini. Tena, mashine ya kusagia isiyooshwa vizuri yaweza kuacha mabaki yakaonekana katika nyama safi. Kwa hiyo anayepata jibu baya asikimbilie kumvunjia mtu heshima yake. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Nyama hiyo ihifadhiwe, ipelekwe kwa mkaguzi wa nyama au Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, na maabara ithibitishe kwa vinasaba.

Jambo ambalo kijiti hakilijui

Lipo kubwa zaidi. Hakuna kijiti kinachoweza kusema kama Bismillahi ilitajwa, wala kama ng'ombe alichinjwa akiwa hai au alikuwa kibudu. Ng'ombe aliyekufa kwa maradhi bado ni ng'ombe katika kipimo. Hapo tunarudi kwenye amana ya mchinjaji, muhuri wa mkaguzi na dhamiri ya muuzaji. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkana mwenye kughushi.

Lakini tusigeuke kuwa watu wa wasiwasi. Bi Aisha (R.A.) amesimulia, katika Sahihi Bukhari, kwamba watu waliuliza juu ya nyama waliyoletewa bila kujua kama jina la Allah lilitajwa. Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza walitaje wao, kisha wale.

Nilimjibu mzee wa Milepa hivi: kijana wako anunue kwa muuzaji anayejulikana, na anaposhuku, aache. Nasi wazazi na kamati za misikiti tuwaombe wakuu wa shule na halmashauri vipimo hivi viwepo katika jiko linalolisha mamia ya watoto. Mtoto akiwa mbali na macho ya baba yake, anakula kwa amana ya watu wengine.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na wafanyabiashara waaminifu. Amin.